Nyumba ya Majivu ya Baba Subi

Hadithi hii nimeletewa na shemeji yangu, ambaye aliletewa na mwanakwaya mwenzake, na huyo mwanakwaya anaapa kwamba ilitokea mtaani kwao. Mimi sikuwepo. Ila mwaka huu kila ninayekutana naye ananionyesha ramani ya ghorofa kwenye simu, mpaka nimeona kuikalia hadithi kama hii ni uchoyo. Isome taratibu. Usikimbilie funzo kule chini kama mwanafunzi anayefunua majibu nyuma ya kitabu.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako mwezi wa saba hata mbuzi anatamani koti, aliishi mkulima wa viazi aitwaye Obedi Sanga. Mtaani walimwita Baba Subi, kwa jina la binti yake wa kwanza, Subilaga. Mkewe, Edina, walimwita Mama Subi. Walikuwa na miaka thelathini na mmoja ya ndoa na watoto wanne, wote wameshaoa na kuolewa na kwenda zao. Wakabaki wawili katika nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na jiko la nje.

Nyumba ile ilikuwa na kituko chake. Juu ya nguzo mbili za mbele zilichomoza nondo, nne huku na nne kule, zimeelekea mbinguni tangu siku nyumba ilipoezekwa. Baba Subi aliziacha makusudi.

"Hizo ni za ghorofa," alikuwa akisema. "Siku ikifika tunaendelea kupanda."

Siku ikawa haifiki. Kunguru wakazifanya kijiwe. Watu wakielekezana njia walisema, "Ukifika kwenye nyumba ya nondo, kata kushoto." Wageni waliifahamu nyumba ile kabla ya kumfahamu mwenyewe.

Sasa utauliza, mkulima wa viazi na ghorofa wapi na wapi? Chanzo ni mdomo wake mwenyewe.

Siku ya kupeleka mahari, Obedi alikuwa kijana mwembamba aliyevaa suruali ya kuazima. Unajua desturi: siku hiyo mchumba hukaa kimya kama mgonjwa, mshenga ndiye anayesema. Baba mkwe alimtazama yule kijana kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akauliza, "Na huyu binti yangu mtamweka wapi?" Kabla mshenga hajakohoa, Obedi akadakia:

"Nitamweka ghorofani, mzee! Atakuwa anayatazama mabati ya wenzake kwa juu!"

Mshenga alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Mashangazi walishapiga vigelegele, na waliokaa nje wakaulizana kuna nini, nao wakaambiwa. Ahadi ni deni, jamani, na ahadi iliyotolewa mbele ya wakwe ni deni lenye mashahidi. Baba mkwe alifariki baada ya miaka kumi, bila kuiona hata ngazi moja. Tangu siku ile ya mazishi, Baba Subi alikuwa akizitazama zile nondo na moyo unamuuma.

Mwaka huo ninaousimulia, viazi vilikubali na parachichi zikakubali zaidi. Uwezo ukapatikana. Ni kiasi gani sikuambiwa, na wewe usiulize. Ulitosha kwa ghorofa moja, yaani nyumba ya chini na juu, tena mara moja tu. Wakikosea, hakuna mavuno mengine ya kurekebisha, maana migongo yao wote wawili ilikuwa imeanza kudai likizo.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Baba Subi alitaka kujenga. Mama Subi alitaka kununua.

Kujenga, maana yake nyumba ya zamani ibomolewe ili ghorofa ikae mahali pake. Kununua, maana yake nyumba ya zamani na kiwanja chake viuzwe ili waongezee kwenye ile ghorofa ya rangi ya pinki kule kilimani, ambayo mwenyewe alikuwa amehamia mji mwingine. Kwa vyovyote vile nyumba ya zamani ilikuwa inaondoka. Hilo wote wawili walilijua, na hakuna aliyelitaja.

"Nyumba ya kununua ni mtumba," alisema Baba Subi. "Hata ukiufua mara saba, mfuko unakumbuka mkono wa mwenyewe."

"Na nyumba ya kujenga inakula watu," alijibu Mama Subi. "Mzee Kilasi alijenga ghorofa miaka tisa. Aliingia humo mara moja tu, siku ya msiba wake, tena alibebwa."

"Nitajenga hapahapa."

"Tutanunua kulekule."

Wakaanza kununiana. Kwa miaka thelathini na mmoja hawakuwahi kununiana zaidi ya siku mbili. Safari hii walifika wiki ya tatu. Chai iliwekwa mezani bila neno, ikanywewa bila neno. Watoto walipopigiwa simu, walijibu kama watoto wote wenye akili: "Mtakavyoamua ninyi wazazi." Hata hivyo, kila asubuhi Baba Subi alipasua kuni kabla ya kugusa chai, kama alivyofanya tangu siku ya harusi, naye Mama Subi aliendelea kumwekea maziwa mengi kwenye kikombe. Kununa kwao kulikuwa na adabu.

Dalali wa ile nyumba ya pinki akaja kuchochea moto.

"Mwenye nyumba anataka jibu Jumatatu," alisema. "Kuna mtu mwingine anaitaka sana."

Kila nyumba ya dalali ina mtu mwingine anayeitaka sana. Huyo mtu mimi sijawahi kumwona, lakini nadhani ana nyumba nyingi.

Ikabidi wamwite Fundi Ngailo awaamue. Fundi Ngailo alikuwa mjenzi wa maghorofa anayeheshimika mji mzima, mtu mfupi, kofia ya sufu haimtoki kichwani, na maneno hutoa kwa kupima. Alikaa barazani, akamsikiliza Baba Subi mpaka mwisho, akamsikiliza Mama Subi mpaka mwisho, akanywa vikombe viwili vya chai. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Majivu mnayo?"

"Majivu?" Mama Subi alishangaa. "Ninayo madebe. Nayaweka kwenye mboga, yanafukuza wadudu."

"Nahitaji madebe matatu. Jumamosi nitawajengea ghorofa kwa majivu. Mtaishi humo kuanzia asubuhi mpaka jua likielekea kuzama. Jioni nitawaambia mjenge au mnunue."

Baba Subi alicheka, kicheko cha kwanza katika wiki tatu. "Fundi, umri umekufikia?"

"Saruji ni kaidi," alisema Fundi Ngailo huku akiinuka. "Ukishaimwaga haisikii la mtu. Majivu bado yanasikiliza. Hakuna ghorofa niliyowahi kuianza bila nyumba ya majivu, na kuna watu wananishukuru kwa maghorofa ambayo sikuyajenga."

Jumamosi alfajiri alifika na vigingi vyake vya mti, kamba, na futi yake. Kwenye kishamba cha viazi kilichokwisha kuvunwa, kando ya nyumba, akapima na kuchora nyumba nzima ya chini kwa mistari ya majivu: sebule kubwa, chumba cha wageni, chumba cha kulia, jiko, mlango wa mbele na wa nyuma. Akanyunyizia maji kidogo ili upepo usiibebe nyumba ya watu.

"Na juu iko wapi?" aliuliza Baba Subi.

Fundi akaonyesha nyuma. Kulikuwa na kilima kidogo, na juu yake sehemu tambarare. Alikuwa ameshapanda huko jana yake na jembe, akachonga vipandio kumi na vinane kwenye udongo, sawasawa na vya ghorofa yoyote. Kule juu alichora vyumba vitatu vya kulala, bafu, na roshani, yaani kile kibaraza cha juu ambacho Baba Subi alikiota tangu ujana.

"Sheria ni mbili," alisema Fundi. "Hakuna kuvuka mstari. Mstari ni ukuta, pitieni mlangoni. Na anayetaka kwenda juu apite kwenye ngazi. Mengine yote ishini kama mnavyoishi."

Wakahamisha vitu. Godoro, kitanda na sanduku la nguo vikapanda juu. Kochi mbili na meza zikaingia sebuleni. Mama Subi akapanga mafiga yake matatu jikoni. Fundi akaufunga mlango wa nyumba ya zamani, ufunguo akautia chini ya kofia yake, akaenda zake.

Kwa saa moja ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mama Subi aliwasha moto jikoni. Baba Subi akapanda juu, akaketi kwenye roshani yake juu ya kigoda, akakunja nne, akayatazama mabati ya majirani. Aliyaona yote. La Mama Nelea, jirani yao wa kuume, lilikuwa na kutu upande wa nyuma, na hakuwahi kujua. Akafurahi kweli. Kisha akataka kusoma gazeti.

"Mama Subi! Miwani yangu iko huko?"

Ilikuwa huko. Mama Subi akaichukua, akapanda vipandio kumi na vinane akishika goti, akamkabidhi. Alipofika chini akasikia:

"Na gazeti je?"

Akapanda tena. Aliposhuka, akakumbuka kwamba kanga yake iko sandukuni, na sanduku liko juu. Baba Subi alimwona anahema, akaona haya, akashuka mwenyewe kumsaidia kuchota maji. Alipofika chini akakumbuka kwamba miwani ameiacha juu. Hadi saa nne asubuhi walikuwa wamepishana kwenye ngazi ile mara nyingi kuliko walivyopishana kwenye mlango wa nyumba yao kwa mwezi mzima.

"Samahani," alisema mmoja.

"Pita tu," alisema mwingine.

Na hayo, usisahau, yalikuwa ndiyo maneno yao ya kwanza ya upole kwa wiki tatu.

Mtaa nao haukukaa nyumbani. Nani angekaa? Mama Nelea ndiye aliyetangulia. Alisimama katikati ya kishamba akaita, "Hodi!"

"Umesimama ndani ya ukuta!" alimkaripia Mama Subi kutoka jikoni. "Rudi upitie mlangoni kama watu."

"Mlango uko wapi?"

"Kushoto, kwenye yale mawe mawili."

Mama Nelea akarudi, akazunguka, akajifuta miguu kwenye mkeka usiokuwepo, akaingia. "Hongera kwa nyumba," alisema. "Ina hewa."

Baada yake mbuzi wa mtu akapita sebuleni, akavunja kuta nne bila kuomba radhi, akaondoka na fungu la mboga. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mama Subi aliwakaribisha wageni sebuleni, kwenye kochi. Walikaa. Lakini ilikuwa ni mwezi wa saba, upepo unakata masikio, na moto ulikuwa jikoni. Mama Nelea ndiye aliyeanza kusogea, akisingizia kwamba anakuja kumenya viazi. Wa pili akaja kumsaidia wa kwanza. Wa tatu akaja kusikiliza walichokuwa wanakisema. Mchana ulipofika, watu kumi na wawili walikuwa wamebanana kwenye jiko ambalo fundi alilichora kwa ajili ya mtu mmoja na masufuria yake. Walikula viazi vya kuchoma kwenye majivu, kwa chumvi na pilipili, wakinywa chai ya maziwa. Kochi mbili zilibaki peke yake sebuleni.

Na Baba Subi? Alikuwa amerudi juu, kwa sababu ghorofa ni yake na ilikuwa lazima aitumie. Alikaa kwenye roshani. Mabati alishayatazama yote, na mabati hayabadiliki. Upepo wa kilimani ulimwingia shingoni. Kutoka chini akasikia kicheko kikubwa.

"Mnacheka nini?" aliuliza kwa sauti.

"Shuka, utasikia!" walimjibu.

Alishuka. Alipofika, kichekesho kilikuwa kimekwisha, na kila mtu unayemwomba akirudie anakwambia, "Ungekuwepo." Akapewa kiazi kimoja, akarudi nacho juu. Alikila peke yake, na alikiri baadaye kwamba hajawahi kula kiazi kisicho na ladha kama kile.

Alasiri wageni walipopungua, Mama Subi alianza kupanda ampelekee chai. Goti likagoma kwenye kipandio cha tisa. Akaketi hapohapo. Baba Subi alimwona kutoka juu, akashuka haraka, akaketi kando yake. Wakashirikiana kikombe kimoja, nusu ya njia, si chini wala si juu.

"Unaipenda?" aliuliza Mama Subi, akiionyesha nyumba kwa kidevu.

Baba Subi aliyatazama magoti ya mkewe, akaitazama roshani. "Naipenda sana," alisema. "Na wewe?"

"Mno," alisema Mama Subi.

Wakapokezana kikombe. Ukiniuliza mimi, ndoa ngumu si ile ya wanaogombana. Ngumu ni hii ya wanaodanganyana kwa heshima.

Jua lilipoanza kuinama, Fundi Ngailo akarudi. Majirani nao wakarudi, maana hukumu haisikilizwi kwa kuhadithiwa. Fundi hakuuliza kitu. Alianza kutembea polepole ndani ya nyumba ya majivu, mikono nyuma, akitazama chini.

"Sebule," alisema. "Majivu yako kama nilivyoyaacha, ukitoa kwato za mbuzi. Chumba cha wageni, hakuna aliyeingia. Chumba cha kulia, hakuna aliyekula."

Akafika jikoni. Jiko halikuwepo tena. Kuta zake zote nne zilikuwa zimefutwa na miguu, na nyayo zilikuwa zimetapakaa kila upande mpaka nusu ya kishamba.

"Hapa walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja," alisema Mama Nelea. "Na mimi, kumi na wawili."

"Mama huyu jiko lake nimelikosea kipimo," alisema Fundi, akasonga mbele.

Akapanda juu kwa kando ya ngazi asizifute nyayo, watu nyuma yake. Kule juu mistari ilikuwa safi. Vyumba vitatu havikuwa na unyayo, isipokuwa kijia chembamba cha kwenda kwenye sanduku la nguo. Kwenye roshani kulikuwa na alama tatu za miguu ya kigoda, na ganda la kiazi kimoja.

Fundi akasimama juu ya ngazi, akatazama vipandio vyake kumi na vinane. Vilikuwa vimechakaa kama ngazi ya zahanati. Nyayo zilikuwa za aina mbili tu.

"Hizi ndala ni za nani?"

"Zangu," alisema Mama Subi.

"Zimepanda na kushuka siku nzima. Ulikuwa unafuata nini huku juu?"

"Nilikuwa namfuata yeye."

"Na haya mabuti?"

"Yangu," alisema Baba Subi.

"Wewe ulikuwa unafuata nini kule chini?"

"Yeye."

Fundi akavua kofia, ufunguo ukaanguka, hakuuokota. "Nimejenga maghorofa mengi," alisema, "na kila nyumba ya majivu hunionyesha ghorofa ni ya nani. Hii haijanionyesha. Niambieni wenyewe. Kati yenu, nani hasa anayeitaka?"

"Yeye," alisema Baba Subi, akamwonyesha mkewe kwa kidole.

"Yeye," alisema Mama Subi wakati huohuo, akamwonyesha mumewe.

Vidole viwili vikabaki hewani, kimoja kikielekea huku na kingine kule. 

"Mimi?" Baba Subi aliuliza. "Mimi ghorofa ya nini? Niliahidi mbele ya baba yako! Miaka thelathini na mmoja nakuona unazitazama zile nondo, nasema mke wangu anangoja, mke wangu anangoja."

"Nilikuwa nawatazama kunguru!" alisema Mama Subi. "Nilijua ni ndoto yako. Nikasema, basi kama ni lazima, bora tununue. Nilimwona Mzee Kilasi alivyokonda kwa presha ya ujenzi. Sikutaka nikuzike kwa ajili ya ngazi."

"Na mimi nikasema tujenge ili usiondolewe kwenye jiko lako na mafiga yako. Kule kilimani wangekuwekea jiko la gesi ndani ya kabati."

Wakatazamana. Mama Subi ndiye aliyeanza kucheka, akalishika goti, akaketi chini kwenye chumba cha kulala cha majivu. Baba Subi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko. Alipotulia, uso wake ukawa mzito.

"Lakini ahadi ni ahadi," alisema. "Mzee aliondoka akijua nitaitimiza. Nitamwambia nini?"

Mama Subi akamshika mkono. "Baba Subi, siku ile mlipoondoka, baba aliniita ndani. Unajua aliniambia nini?"

"Sijui."

"Alisema, 'Mwanangu, ghorofa ya yule kijana hutaiona. Ana mdomo. Lakini nimetazama viganja vyake, vina sugu la shoka. Nenda naye. Kuni hutakosa.'"

Baba Subi aliinua mikono yake. Akavigeuza viganja vyake, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Mama Subi. "Na kuni sijawahi kukosa hata asubuhi moja. Haya majivu madebe matatu unafikiri yametoka wapi?"

Wanasema hapo Fundi Ngailo aliivaa tena kofia yake na kuivuta mpaka machoni, akatazama upande wa pili kwa muda.

Jumatatu dalali alipokuja kuchukua jibu, alipewa chai na viazi viwili, akaombwa ampelekee salamu yule mtu mwingine anayeitaka sana. Nyumba ya zamani haikubomolewa wala haikuuzwa. Fundi Ngailo alizikata zile nondo nane. Kunguru walilalamika siku mbili, wakahama. Nondo hizo akazilaza juu ya mlango na madirisha ya jiko jipya, kubwa kuliko sebule, lenye dohani ya kutolea moshi na benchi kuzunguka kuta zote. Wanaoingia humo mwezi wa saba hawatoki upesi. Mama Nelea, inasemekana, ana kikombe chake kabisa. Kilichosalia kwenye mavuno yale kipo, na migongo imepata likizo yake.

Ila vipandio kumi na vinane Baba Subi alikataa visifutwe. Alivijengea kwa mawe, na juu kabisa, pale ilipokuwa roshani, akaweka benchi la watu wawili. Jumapili wakitoka kanisani, goti likiwa na siku njema, wanapanda taratibu na chupa ya chai. Wanapumzika kipandio cha tisa, kisha wanamalizia.

"Haya," husema Baba Subi wakishaketi. "Yatazame mabati ya wenzako, nisije nikadaiwa."

Mama Subi huyatazama yote, moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka anafika kwenye la kwao ambalo moshi unatoka.

"Nimeyaona," husema. "Deni limelipwa. Sasa tushuke, viazi vinaungua."

Kama kuna mtu unamfahamu ambaye wiki hii amepeleka ramani kwa fundi, mpelekee na hii. Kama mtu mwenyewe ni mwenzio wa ndani, usimpelekee. Msomee mkiwa mmekaa pamoja.

Funzo: Kabla hamjagombana mjenge au mnunue, ulizaneni kwanza nani anaitaka, maana wengi tunabeba mizigo mizito kwa ajili ya wapendwa wetu, nao wanatusaidia kuibeba wakidhani ni yetu.